Sauti za Kinyangiri ndani ya pedi 16

Sampla ikitoka dukani inakuja na sauti za watu wengine. Unaiwasha Akai MPC1000, unapakia programu iliyokuja nayo, unagonga pedi ya kwanza: kiki. Ya pili: snea. Ya tatu: makofi yasiyopigwa na mkono wa mtu. Ni sauti safi, zimetengenezwa na mafundi wanaoijua kazi yao, na anayeanza anaweza kupata biti siku hiyohiyo. Lakini ndani ya programu ile kila kitu kimeshaamuliwa: ngoma ipi iwe ngoma, ikae pedi ipi, ilie kwa nguvu gani, ikatike wapi. Aliyeamua hajawahi kusikia ngoma ikipigwa Kinyangiri. Ndiyo maana kijana wa kwaya akinijia na mashine ya namna hii, kitu cha kwanza ninachomwambia ni aiweke pembeni programu ya kiwandani, achukue kinasa sauti, atoke nje.

Kinyangiri iko wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Ni nchi ya alizeti, vitunguu, mtama na uwele. Ya Wanyiramba na Wanyisanzu, na ukielekea upande wa Ziwa Eyasi unawakuta Wahadzabe. Ni nchi ya upepo, kama Singida yote. Na Jumapili ni nchi ya kwaya. Nimekulia kwenye kwaya. Kwanza tuliimba kwa ngoma, kayamba na magitaa, kisha kikaja kinanda cha Yamaha, kile cha PSR, na usharika mzima ukafurahi. Kinanda kile kilikuwa na midundo ndani yake. Unabonyeza kitufe kimoja, ngoma, besi na gitaa vinaanza kupiga vyenyewe, wewe unashika kodi kwa mkono wa kushoto. Kwaya zote za mkoa zilikuwa na vinanda vya aina hiyo, nazo zilibonyeza vitufe vilevile. Nimehudhuria matamasha ambayo kwaya nne zilipanda moja baada ya nyingine zikiwa na nyimbo tofauti, maneno tofauti, sare tofauti, na mdundo mmoja. Wapiga ngoma wetu wakaanza kukaa nyuma. Baadaye wakaacha kuja mazoezini. Hakuna aliyewafukuza, hapakuwa na nafasi yao kwenye mdundo uliokuwa umeshajaa.

Hilo liliniuma kuliko nilivyoweza kueleza wakati ule.

Sisemi sauti za kiwandani ni mbaya. Dar es Salaam imeonyesha namna nyingine. Wapiga mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vya bei rahisi kabisa, wakavipitisha kwenye vikuza sauti vilivyochoka mpaka sauti ya kiwandani ikapasuka na kuwa kitu kingine. Kundi la Jagwa Music lilitoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012 kwa kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji, na mtu wa Brussels akisikiliza anajua hiyo ni Dar. Singeli nayo: mkusanyiko wa Sounds of Sisso uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala umejaa sauti ambazo kila mwenye kompyuta angeweza kuzipata, ila zimekimbizwa, zimekatwa na kurudiwa mpaka zikawa za uswahilini. Vijana wale waliamua. Sisi wa kwaya tulikuwa tunabonyeza tu.

MPC1000 ilitufikia mkononi mwa ndugu yangu aliyekuwa Dar es Salaam. Aliinunua iliyotumika, kwenye studio iliyokuwa imehamia kwenye kompyuta na haikuona tena faida ya kisanduku chenye pedi. Ilikuja na kadi ya kumbukumbu iliyojaa sauti za biti za Bongo Fleva na maelezo ya Kiingereza yaliyokatika kurasa. Kwa asiyeijua: ni mashine unayoweza kuibeba kwapani, ina pedi 16 za mpira zilizopangwa nne kwa nne, na pedi hizo zinahisi nguvu ya kidole. Ukigusa polepole sauti inatoka ndogo, ukigonga inatoka kubwa. Mpangilio huo wa pedi 16 umeanzia kwenye MPC60 ya mwaka 1988, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn kwa ajili ya kampuni ya Akai ya Japani. Kabla ya hapo kulikuwa na Fairlight CMI ya Australia, ya mwaka 1979, mashine ya kuchukua sauti yoyote na kuipiga kwa kinanda, ambayo bei yake ilikuwa ya kununulia nyumba. MPC60 ilipotoka ilibeba sekunde kama 13 tu za sauti, nazo zilitosha kubadilisha muziki wa dunia.

Yetu ilikuwa na megabaiti 16. Piga hesabu: sauti ya upande mmoja, kwa kiwango cha mashine hiyo, inakula megabaiti 1 kwa kila sekunde 12 hivi. Ukitoa nafasi ambayo mashine inajitumia yenyewe, unabaki na dakika mbili na kidogo. Leo mtu anaona ni umaskini. Kwangu ulikuwa msaada mkubwa, kwa sababu ulitulazimisha kuuliza kwa kila sauti kama inastahili kuingia. Ngoma moja ikilia mpaka ikanyamaza kabisa inachukua sekunde moja na nusu. Kimya kinachofuata hakina kazi, kinakatwa. Kimya kinachotangulia kinakatwa pia, na hapo ndipo wengi hawatilii maanani. Sauti ikiwa na nafasi tupu mbele yake, hata sehemu ya ishirini ya sekunde, mpigaji anagonga na ngoma inamjibu imechelewa. Masikio yake hayamwambii tatizo ni nini. Anasema tu mashine ni nzito. Unaingia kwenye ukurasa wa kukata, unalikuza wimbi kwenye kioo kile kidogo mpaka unaona mahali ngozi inapoguswa, unasogeza alama ya mwanzo ikaribie hapo kabisa. Kazi hiyo inachosha macho, lakini ndiyo inayoamua kama mpiga ngoma ataiheshimu mashine au ataiacha.

Kurekodi kwenyewe tulifanyia mbali na mashine. Wakati huo kanisani tulitegemea sola na inveta, na inveta ya bei nafuu inaweka mngurumo wa chini kwenye kila waya iliyo karibu nayo. Ukirekodi hapo, mngurumo unaingia ndani ya ngoma, na ukigonga pedi tano unausikia mara tano. Kwa hiyo tuliazima kinasa sauti kidogo cha Zoom H1, kinachotumia betri moja ndogo ya tochi, tukakiweka kwenye kiwango ambacho MPC1000 inakikubali, yaani WAV ya biti 16 na kilohezi 44.1, tukaenda nacho kwenye miji ya watu. Simu za mkononi nyingi za wakati ule zilihifadhi sauti kwa mtindo mwingine ambao mashine haiufungui. Upepo wa Singida tuliupunguza kwa kipande cha godoro tulichokitoboa na kukivisha kichwani mwa kinasa sauti, na kwa kuamka mapema. Alfajiri hewa imetulia, punda hawajaanza, na mashine ya kukamua alizeti haijawashwa.

Nilichojifunza kuhusu ngoma nilijifunza kwa mpigaji, mzee ambaye tangu kinanda kije alikuwa hajapanda madhabahuni.

Nilimkuta kwake, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza nimekuja na shida gani. Nikamwambia nataka sauti ya ngoma yake. Akanitazama.

"Sauti ipi, mwanangu? Hii ina sauti nyingi."

Akawasha moto wa mabua, akaielekeza ngozi kwenye joto, akawa anaigusa kwa kidole gumba kila baada ya muda kidogo. Ngozi ikipata joto inakaza, sauti inapanda na kusafika. Asubuhi yenye umande, au wakati wa masika, ngoma isiyoota moto inalia kama imefunikwa blanketi. Aliniambia nisubiri. Alipiga mara moja, akatikisa kichwa, akairudisha motoni. Alipiga tena, akasema sasa. Kisha akanionyesha kitu ambacho programu ya kiwandani haikuwahi kunifundisha: katikati ya ngozi kuna sauti yake, ukingoni kuna yake, kiganja kikibaki juu ya ngozi kuna nyingine, na vidole vikiteleza kuna nyingine tena. Na kila moja ina upole na ukali wake. Ngoma ile moja ilitaka pedi nne.

Ndani ya programu ya MPC1000, pedi moja inaweza kubeba hadi sauti nne, na unaiambia mashine sauti ipi itoke kidole kikigusa kwa nguvu kiasi gani. Basi tulirekodi kila pigo kwa nguvu tatu: la kunong'ona, la kawaida na la kucheza. Wengi hurekodi pigo moja la nguvu na kuiachia mashine ipunguze sauti mpigaji akigusa polepole. Haifanani. Ngoma inayopigwa kwa upole haiwi ndogo tu. Inakuwa na rangi nyingine, ngozi inasikika zaidi na mti unasikika kidogo. Sikio la mtu aliyekua na ngoma linatambua udanganyifu huo mara moja, hata kama mwenyewe hajui kueleza.

Tukaendelea. Njuga za miguuni tulizirekodi zikiwa zimevaliwa na mcheza ngoma, kwa sababu zikishikwa mkononi hazitoi mlio ule wa kukanyaga. Kengele ya shule, ambayo ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini na kugongwa kwa chuma, ilitupa sauti moja ndefu yenye maumbile mengi ndani yake. Kayamba tuliirekodi inavyotikiswa kwa muda, na hapo kuna uamuzi mwingine wa kufanya kwenye programu: pedi icheze sauti mpaka mwisho hata kidole kikishaondoka, au inyamaze kidole kinapoinuka? Ngoma ni ya kwanza, kayamba ni ya pili. Njuga nazo zina yake. Pigo la njuga lililobanwa lazima lizime lile lililoachiwa, kwa sababu mguu wa mtu ni mmoja. Hauwezi kutikisika na kukanyaga kwa wakati huohuo. Mashine inaruhusu kuziweka pedi kwenye kundi moja ili moja ikigongwa nyingine inyamaze. Tulipofanya hivyo, njuga zilipata mguu. Kabla ya hapo zilikuwa kelele.

Na kinu. Hilo lilikuwa wazo la mama mmoja wa sauti ya pili, aliyekuja kutuangalia tunahangaika kutafuta sauti ya chini ya kuchukua nafasi ya kiki. Alisema mbona twangio liko pale. Mchi ukishuka kwenye kinu chenye mtama kidogo ndani yake unatoa pigo la chini, fupi, lenye mkwaruzo wa nafaka mwishoni. Tulilirekodi kwa kukilaza kinasa sauti ardhini, kwani sehemu kubwa ya sauti ile inasafiri kwenye udongo. Kwenye spika za kanisani lilitikisa mabenchi. Tangu siku hiyo sijatafuta kiki nyingine.

Zeze ndilo lililonipa kazi kubwa kuliko vyote, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa kirefu.

Mashine ina njia rahisi ya kupata noti nyingi: unarekodi noti moja, unaiambia iitandaze kwenye pedi zote 16, kila pedi ikiwa juu ya mwenzake kwa nusu sauti. Kwa kengele inafaa kiasi. Kwa zeze haifai hata kidogo. Sampla ya aina hii ikipandisha noti inaikimbiza, kwa hiyo noti ya juu inakuwa fupi na nyembamba, na ikishusha inaivuta mpaka upinde unasikika umechoka. Zeze ni upinde kuliko noti. Ule mkwaruzo mwanzoni, wakati utomvu wa mti uliopakwa kwenye nyuzi za upinde unaposhika waya, ndio utu wake. Ilibidi kurekodi kila waya na kila mahali kidole kinapokaa.

Hapo tukagongana na kinanda. Noti za zeze la mzee aliyetupigia hazikukaa kwenye noti za kinanda. Nyingine zilikuwa juu kidogo, moja ilikuwa chini kiasi cha kusikika wazi. MPC1000 inaweza kurekebisha sauti kwa vipande vidogo sana vya nusu sauti, na mpiga kinanda wetu, kijana hodari, alitaka tuzinyooshe zote. Nilimwelewa. Kwaya inaimba na kinanda, na watu wakisikia sauti mbili zinazogombana wanasema vyombo vimeharibika. Tukazinyoosha, tukampigia mzee asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hilo ni zeze, lakini si langu."

Ndugu zetu Wagogo, jirani zetu wa Dodoma, wana ilimba, ile inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze ambazo mpangilio wa sauti zake wataalamu wa muziki wameuchunguza na kukuta unafuata maumbile ya sauti yenyewe, zile sauti ndogo zinazojitokeza juu ya noti moja inapolia, wala haufuati hatua 12 zilizolingana za kinanda. Hukwe Zawose aliipeleka ilimba hiyo duniani kote. Alikuwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, na albamu yake ya Chibite ya mwaka 1996 ilitolewa na Real World ya Uingereza. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla hajafariki, ilitoka Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, ambamo mitambo ya kisasa imewekwa pembeni ya sauti za asili. Niliisikiliza albamu hiyo mara nyingi katika kipindi kile. Ilinipa ujasiri wa kutonyoosha.

Uamuzi wetu ulikuwa kutengeneza programu mbili. Ya kwanza ina zeze kama mzee alivyolipiga, bila kuguswa, nayo hutumika kinanda kinaponyamaza: mwanzo wa wimbo, au katikati, kwaya ikiimba na ngoma peke yake. Ya pili imesogezwa kidogo ili iweze kukaa na kinanda kwenye kiitikio. Mpiga kinanda aliridhika. Mzee aliridhika na ya kwanza, na ya pili aliivumilia. Mpaka leo nikisikia ya pili najua ni makubaliano. Sijuti, lakini ningependa siku moja tuwe na mwalimu wa kwaya atakayetunga wimbo mzima kwa ajili ya ile ya kwanza.

Kupanga pedi kulifanywa na wapiga ngoma. Mimi nilikuwa nimeziweka kama vitabu vya maelezo vinavyopendekeza, sauti za chini safu ya chini, za juu safu ya juu. Walipokaa nayo walizihamisha karibu zote. Mkono wa kushoto wa mpigaji wetu ndio unaoshika mdundo na wa kulia ndio unaozungumza, kwa hiyo pigo la katikati likaenda kushoto, na mapigo ya ukingoni yakakusanywa kulia mahali vidole vinapoangukia vyenyewe. Walizima pia ile huduma ya mashine ya kunyoosha mapigo yakae kwenye mstari. Ngoma ya kwetu inacheza tatu juu ya mbili, na mapigo mengine yanakaa mbele kidogo ya mahali ambapo mashine ingeyapeleka. Ukiyanyoosha, wachezaji hawajui pa kuweka mguu.

Viwango vya sauti tulivipanga kanisani, mchana, madirisha wazi, kupitia spika zilezile za Jumapili. Vilivyopangwa kwenye spika za masikioni vilianguka vyote. Paa la bati linakuza njuga na linameza zeze. Njuga zilishushwa karibu nusu. Mtu mmoja alikaa benchi la nyuma, mwingine mbele, na pedi haikuhesabiwa kuwa imekamilika mpaka wote wawili wakubaliane.

Kisha majina. Mashine inaruhusu herufi 16 tu kwa kila sauti, na sauti zilizokuja na kadi zilikuwa na majina yasiyomwambia mtu kitu. Tulikubaliana utaratibu: chombo kwanza, sehemu yake, halafu nguvu au kidole. ZEZE WAYA2 DOLE1 inaenea sawasawa kwenye nafasi hizo 16. NGOMA UKINGO 3 ni pigo kali la ukingoni. Leo kijana ambaye hakuwepo wakati tunarekodi anaweza kuifungua kadi na kujua kila kitu kilichomo bila kuniuliza. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu nimeona kazi nzuri za watu zikitupwa kwa vile hakuna aliyejua faili la namba fulani lilikuwa sauti ya nini.

Kuna jambo la kuhifadhi ambalo kila mwenye mashine hii anapaswa kulijua. Kumbukumbu ya kazi inafutika ukizima umeme. Kisichohifadhiwa kwenye kadi hakipo. Na faili la programu halibebi sauti ndani yake. Linabeba maelekezo tu: pedi hii icheze sauti yenye jina hili, kwa nguvu hii. Sauti zenyewe ni mafaili mengine, na lazima vyote vikae kwenye folda moja. Vijana wa usharika wa jirani walinakili faili la programu peke yake, wakafika kwao na pedi 16 zisizotoa kitu. Walirudi, tukawapa folda nzima, ikalia.

Suala la ruhusa lilinichukua muda. Sauti ya zeze ni ya nani ikishaingia ndani ya mashine? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, na COSOTA ipo kwa ajili ya wasanii, lakini kijijini jambo hili linaanzia kwenye mazungumzo. Tulimlipa mzee posho ya siku alizotupa, tukampelekea sukari, na tukampatia waya mpya, kwani nyuzi zake zilitoka kwenye waya wa breki ya baiskeli na mmoja ulikuwa unakaribia kukatika. Sharti lake lilikuwa moja: sauti yake isipelekwe mahali pengine popote bila yeye kuambiwa. Tumelitimiza. Folda ile ina faili la maandishi linaloeleza nani alipiga, wapi, na amekubali nini, na kila anayepewa nakala anapewa na faili hilo.

Mara ya kwanza tulipoitumia ibadani ilikuwa Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, siku ambayo kanisa letu huwaachia watoto uongozi. Pedi alizipiga mjukuu wa mpiga ngoma. Babu yake alikaa pembeni na ngoma yake halisi, na katika wimbo wa pili wakapiga pamoja, moja ikiita na nyingine ikijibu. Wapiga ngoma wengine walirudi mazoezini baada ya hapo. Sasa kwaya yetu haiendi tamashani bila ngoma ya mti, mashine ikiwepo au isipokuwepo, na hilo kwangu ni ushindi mkubwa kuliko programu yenyewe.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na gari lake la kurekodia, akanasa ngoma, marimba na nyimbo za makabila mengi. Kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, na tunamshukuru. Lakini wakati ule ilihitaji mgeni mwenye gari na jenereta. Leo kinasa sauti kinakaa mfukoni, simu nyingi zina programu ya kurekodi kwa WAV, na sampla zilizotumika zinapatikana kwa bei ambayo kwaya inaweza kuichangia baada ya mavuno ya vitunguu. Anayepiga zeze yupo kwenye kata yako. Wengi wao ni wazee. Mwalimu wa kwaya unayesoma haya, kabla hujachangisha fedha za kununua kinanda kipya chenye midundo mingi zaidi, nenda kwake wiki hii. Mwombe ruhusa, mrekodi alfajiri, kila waya na kila kidole, andika jina lake ndani ya folda, na weka nakala mbili kwa watu wawili tofauti.